Duka Iko Migori, We Uko Homa Bay: Vile Utaingia kwa Kompyuta ya Biz Ukiwa Mbali Bila Kuachia Mtu Ufunguo

Tuseme uko na hardware mbili. Ya kwanza iko Homa Bay town, na hapo ndio we hukaa. Ya pili ulifungua Migori ju wasee wa mjengo wa huko walikuwa wanakusumbua kila wiki uwaletee mabati na misumari. Kompyuta ya Migori ndiyo imebeba kila kitu: stoki, orodha ya wenye deni, risiti za eTIMS. Ijumaa saa nne asubuhi kijana wa duka anakupigia: "Boss, hii mashine imekataa kutoa risiti na wateja wamejaa hapa."

Uko na njia mbili. Unaweza panda mat hadi Rongo, ushike ingine ipitie Awendo, ufike Migori mchana ukiwa na njaa na hasira, kumbe kuna mtu alibonyeza kitu kwa setingi za printa. Ama unaweza fungua laptopu hapo ulipo, uone skrini ya Migori mbele yako, usongeshe mausi ya huko na mkono wa huku, na kabla chai ipoe risiti inatoka.

Na hiyo risiti si kitu ndogo. Tangu Januari 2024, kontrakta akinunua vitu kwako bila risiti ya eTIMS, kwa kawaida KRA haimkubalii hiyo gharama kwa hesabu zake za ushuru. Akiona umekwama, anavuka barabara anaenda kwa jirani yako.

So hii maneno ya kuingia kwa kompyuta ukiwa mbali inaokoa doh na time. Lakini programu hizo hizo ndizo wakora hutumia kuosha watu. Kabla uweke yoyote, jiulize swali moja na usiache kujiuliza: nani ako na ufunguo?

Inafanya aje?

Programu iko sehemu mbili. Kwa kompyuta ya duka kuna ile inapokea. Kwa laptopu ama simu yako kuna ile inaangalia. Ya duka inapiga picha ya skrini tena na tena, inakutumia zile sehemu zimebadilika tu. We ukibonyeza kitu, hiyo amri inarudi Migori na kompyuta inafanya kama ni kidole chako kiko pale.

Sasa, modemu ya duka inatumia laini ya simu kama ya kila mtu. Kampuni za simu huwa zinaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti, so mtu wa nje hawezi kupigia kompyuta yako moja kwa moja. Ni kama ploti ya vyumba mia moja yenye geti moja na hakuna namba kwa milango. Programu kama TeamViewer na AnyDesk huzunguka hiyo shida hivi: kompyuta zote mbili zinapigia sava ya kampuni, na sava inaziunganisha. Ndio maana unapewa namba ya tarakimu tisa ama kumi. Hiyo namba ndiyo mlango wa nyumba yako kwa ile ploti. Mazungumzo yenyewe yanafungwa kwa siri, so mtu wa katikati hawezi kuyasoma.

Mlango una njia mbili za kufunguliwa. Njia ya kwanza, mtu amekaa pale dukani anaona ombi kwa skrini na anabonyeza kukubali. Njia ya pili, umeweka paswadi ya kudumu, unaingia saa yoyote hata kama duka imefungwa na kila mtu amelala. Ya pili ni tamu sana kwa biz. Pia ndiyo hatari, ju mwenye ile paswadi hahitaji kuuliza mtu.

Gani ya kuchukua?

TeamViewer ilianza 2005 huko Ujerumani, na AnyDesk pia ni ya Wajerumani. Zote ni rahisi kutumia, na zote ziko na toleo la bure, lakini hilo la bure ni la mambo ya nyumbani. Ukitumia kwa duka, zinanusa. TeamViewer inajulikana kwa hii: inakuambia inashuku unafanya biashara, halafu inaanza kukukatia baada ya dakika chache. Ikikatika ukiwa katikati ya kurekebisha stoki, utaelewa bei ya bure.

Chrome Remote Desktop ya Google haitozi kitu. Unahitaji Chrome, akaunti ya Google, na PIN ya tarakimu sita au zaidi. Kwa duka moja ama mbili inatosha kabisa. Lakini shika hii: ukitumia hiyo, akaunti yako ya Google ndiyo ufunguo. Ukiiacha wazi kwa cyber ya mtaa, umeacha duka wazi.

RustDesk ni ya bure na kodi yake iko wazi kwa yeyote kuisoma. Ukiwa na fundi mnoma, anaweza kukuwekea sava yako mwenyewe usitegemee ya mtu. Kwa wengi wetu hiyo ni kazi ya ziada, lakini kama una maduka matano, ifikirie.

Halafu kuna ile ya Windows yenyewe, Remote Desktop. Windows Home haiwezi kupokea mgeni, lazima iwe Pro. Na hapa sikia vizuri: kuna mafundi watakuambia "tunafungua tu mlango kwa rauta" ndio uingie kutoka nje. Mlango huo huwa ni namba 3389. Kataa. Wakora wana mashine zinazunguka intaneti mchana na usiku zikigonga 3389 kwa kila anwani, zikijaribu paswadi moja baada ya ingine. Mwaka wa 2019 kasoro inaitwa BlueKeep ilipatikana hapo hapo, mbaya hadi Microsoft ikatoa dawa hata ya Windows XP, kitu ilikuwa imeshaacha kuhudumia. Ukitaka kutumia hiyo ya Windows, iwe ndani ya VPN. Kama hujui VPN ni nini, chukua moja ya zile za juu, ulale salama.

Kuiweka, hatua kwa hatua

Moja: toa programu kwa tovuti ya kampuni yenyewe. Usichukue faili ametumwa kwa grupu ya WhatsApp ama flashi ya msee wa cyber. Hiyo faili inaweza kuwa na mgeni mwingine ndani.

Mbili: iweke kabisa, usiifungue tu ikiwa kwa folda ya vitu umedownload. Ikiwekwa vizuri inaamka pamoja na kompyuta, hata kabla mtu aingie kwa Windows. Bila hivyo, Windows ikijisasisha usiku na kujizima na kujiwasha, asubuhi umefungiwa nje.

Tatu: paswadi ndefu. Jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa ni zawadi kwa mwizi. Unganisha maneno manne yasiyohusiana, uweke namba katikati. Na isifanane na ya Facebook, email ama kitu ingine yoyote. Februari 2024 AnyDesk wenyewe walitangaza wakora wameingia kwa mitambo yao, na wakafuta paswadi zote za tovuti yao ya wateja. Walishauri mtu yeyote mwenye ametumia paswadi ile ile kwingine aibadilishe. Kama yako ilikuwa moja kwa kila kitu, hiyo wikendi ungekuwa na kazi.

Nne: washa uthibitisho wa hatua mbili, ile ya kuitisha kodi kwa simu yako baada ya paswadi. TeamViewer na AnyDesk ziko nayo, na akaunti ya Google pia. Mtu akiiba paswadi bila simu yako, amebaki nje.

Tano: weka orodha ya wanaoruhusiwa. Unaweza ambia programu ipokee laptopu yako na simu yako peke yake. Wengine wote wakipiga hodi wanakataliwa hata wakiwa na paswadi.

Sita: fungua akaunti mbili kwa Windows ya duka. Kijana wa duka atumie ya kawaida, isiyoweza kuweka wala kutoa programu. Ya mkubwa ikae na wewe.

Stima, bando na netiweki ya boda

Huku kwetu adui wa kwanza hata si mwizi. Ni stima. Ikipotea Migori, laptopu yako ya Homa Bay haiwezi kufanya lolote. Nunua UPS, ile boksi ya betri. Itakupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa heshima. Halafu mwambie fundi aingie kwa BIOS, zile setingi za ndani kabisa za kompyuta, aweke mashine ijiwashe yenyewe stima ikirudi. Kompyuta nyingi za mezani ziko na hiyo. Ukikosa kuiweka, stima itarudi saa tisa usiku na mashine itabaki imelala hadi mtu aguse kidude.

Pia zima ile tabia ya kompyuta kulala ikikaa bila kuguswa. Skrini inaweza kuzimika, hiyo haina shida. Mashine yenyewe ikilala, haisikii hodi yako.

Bando: skrini ya stoki na risiti hailambi data sana, ju kinachotumwa ni mabadiliko tu. Kinachomeza ni picha inayocheza. Kijana akiacha video ya YouTube ikiendelea huku umeingia, data ya pande zote mbili inaisha mkiangalia. Kwa setingi chagua kasi badala ya urembo wa picha, na utoe ile picha kubwa ya nyuma ya skrini.

Na kama duka iko karibu na boda, mambo ya Isebania ama Muhuru Bay, angalia modemu isije ikashika netiweki ya Tanzania. Zima rominga, uchague netiweki yako kwa mkono. Bila hiyo utapata laini imekatika ama salio limeenda na hujui limeenda wapi.

Jua pia mipaka ya hii kitu. Kebo ikichomoka, karatasi ikikwama kwa printa, bando ikiisha, mtu wa pale ndio atarekebisha. So fundisha kijana mambo matatu: kuangalia kebo, kuzima na kuwasha modemu, na kukusomea namba iko kwa skrini.

Ufunguo wa fundi

Hapa ndio watu wengi huumia bila kujua. Siku ulifungua duka, ulilipa fundi akuwekee Windows, programu ya stoki na hii ya kuingia ukiwa mbali "ndio nikikusaidia nisikuje hadi huko." Alichagua paswadi yeye. Pengine hukuulizia. Alilipwa, akaenda, na mpaka leo anaweza kuingia kwa duka yako akiwa kitandani kwake.

Labda ni msee poa. Lakini labda aliandika hiyo paswadi kwa kitabu. Labda anatumia moja kwa wateja wake wote, na mmoja wao ameibiwa. Labda simu yake ilipotea stage. Ufunguo wako sasa unategemea maisha ya mtu mwingine.

Fanya hivi: fundi akimaliza kazi, keti hapo, badilisha paswadi mbele yake, na usione haya. Fundi anayejiheshimu hatakasirika, hata atafurahi ju kesho kitu ikipotea jina lake halitatajwa. Akihitaji kuingia tena, apige simu, umkubalie mara hiyo moja kwa kubonyeza, uangalie anachofanya, akimaliza unakata.

Mfanyakazi akiacha kazi, siku hiyo hiyo unabadilisha. Usingoje mwisho wa mwezi.

"Halo, nakupigia kutoka customer care..."

Kuna njia mwizi hahitaji paswadi yoyote. Anakupigia, anasema ametoka benki, ama KRA, ama kampuni ya simu. Kuna shida na akaunti yako, ameiona, anataka kukusaidia. Pakua tu hii apu ndogo, unisomee hizo namba. Ukimsomea, umemfungulia mlango we mwenyewe. Kama ni simu, anaona meseji zako, pamoja na ile kodi ya benki imeingia sai. Kama ni kompyuta, anakuambia "ngoja nisafishe virusi" huku anapekua paswadi umehifadhi kwa Chrome.

Mchezo huu hauko Kenya peke yake. India ilichemka hadi Februari 2019 benki kuu yao ikatoa onyo kuhusu wezi wanaotumia AnyDesk kufagia akaunti za watu. Programu yenyewe haikuwa na kosa. Ilifanya kazi yake, kuonyesha skrini kwa mwenye amepewa namba.

Kanuni ni fupi: we ndio unapiga kuomba msaada. Mtu akikupigia hukumwita na anataka uweke apu ya kuona skrini, kata. Halafu piga mwenyewe kwa namba unayoijua, uulize. Na huyu kijana wa Migori mwambie hivyo hivyo, ju mwizi hatakupigia we mjanja. Atapigia duka saa ya lanchi, aseme "boss wako amenituma."

Usichungulie kama mwizi

Kuna hii ingine hatuongeleangi. Ukiwa na hiyo rimoti unaweza kuangalia kijana wa duka siku nzima bila yeye kujua. Usifanye hivyo. Mwambie mapema kompyuta ni ya kazi, na kuna saa utaingia. Acha ile alama ya kuonyesha mtu ameunganishwa ionekane kwa skrini. Akigundua mwenyewe ulikuwa unamchungulia akisoma email yake, utabaki na mfanyakazi anayefungua duka tu lakini moyo umeshahama.

Na kama biz yako ni cyber, kompyuta imejaa nakala za vitambulisho, vyeti na namba za KRA za watu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka we mwenye kuzishika uzilinde. Mwizi akiingia kupitia paswadi yako ya "1234", mama aliyekuja kuchapisha cheti cha mtoto ndiye ataibiwa jina. Futa faili za wateja kila jioni.

Ukishuku kuna mtu ndani

Mausi inatembea yenyewe? Kuna programu hukuweka? Bei za stoki zimebadilika usiku? Kwanza chomoa intaneti. Toa modemu, usibishane na mshale kwa skrini. Pili, tumia simu yako, si ile kompyuta, kubadilisha paswadi za email, benki na KRA. Tatu, pigia benki.

Halafu soma daftari la wageni. Programu hizi huandika nani aliingia na saa ngapi. AnyDesk iliyowekwa kabisa huandika kwa faili inaitwa connection_trace.txt, iko ndani ya folda ya ProgramData. TeamViewer huandika kwa Connections_incoming.txt, ndani ya folda yake kwa Program Files. Zipige picha kabla fundi afute kila kitu, ju ndio ushahidi wako ukienda polisi. Chini ya sheria ya makosa ya mitandao ya 2018, kuingia tu kwa kompyuta ya mtu bila ruhusa ni kosa, na faini inaweza kufika shilingi milioni 5, ama jela miaka 3, ama zote mbili. Hata kama hakuiba kitu.

Leo jioni, kabla ufunge duka, fungua hiyo programu uangalie vitu vitatu: orodha ya wanaoruhusiwa, tarehe ya mwisho ulibadilisha paswadi, na daftari la wageni. Ukipata jina hulijui, ama saa ambayo we ulikuwa umelala, badilisha paswadi hapo hapo, ndio uanze kuuliza maswali.